Mkate Mmoja kwa Nchi Nzima

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu Karani,

Mama hajambo, mimi sijambo, tanuri halijambo. Nimeanza na salamu kwa sababu nikianza na lililonifanya nishike kalamu nitazisahau.

Jana asubuhi alikuja Mkaguzi wa Bodi ya Mkate. Ni yule kijana mrefu aliyekuwa akikagua mizani sokoni; sasa amepewa koti na ndoo ya gundi. Alibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha langu, katikati kabisa, pale watu wanapochungulia kuona kama mkate umetoka. Nikamwambia, "Mwanangu, si uibandike pembeni basi?" Akasema amri inataka iwe mahali pa kuonekana. Nikamuuliza, "Na mkate wangu hautaki kuonekana?" Akasema kuhusu hilo hajapewa maelekezo.

Karatasi inasema hivi. Kuanzia wiki ijayo nchi nzima itaoka mkate wa aina moja, kwa kopo la kipimo kimoja, na kuuza kwa bei moja. Skonzi hakuna. Mkate wa kusuka hakuna. Wa zabibu hakuna. Keki ni kwa kibali, na kibali kinaombwa makao makuu. Atakayeoka kinyume cha hapo, tanuri lake litafungwa kwa waya na lakiri, papo hapo. Nimeisoma mbele na nyuma nikitafuta mahali mtu anapoweza kujitetea. Nyuma ilikuwa tupu.

Najua pesa yetu imeshuka. Najua unga unapanda kila lori linapoingia mjini. Juzi mteja mmoja alitoka kwake na hela ya mkate mzima, akapita kwa fundi viatu kupiga soga, na alipofika kwangu ilikuwa hela ya nusu mkate. Nilimpa mzima, nikamwambia iliyobaki alete akipata. Ndivyo tunavyoishi na wateja wetu, kila mtu na wake. Sasa hilo nalo ni kosa, maana ni kuuza chini ya bei.

Bwana Keki, mwokaji mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, aliposoma karatasi yake alikaa kwenye ngazi za duka na kofia yake nyeupe mapajani. Ningemhurumia kama angekuwa mtu mwingine. Unajua hatusemeshani tangu alipotangaza mbele ya wateja kwamba mkate wangu unafaa kujengea ukuta.

Wewe uko huko huko Wizarani. Hebu niambie, nani ameandika kitu hiki? Nataka tu kujua kama amewahi kukanda unga hata siku moja, au yeye na mkate wanakutana mezani tu.

Dada yako


Jumatano, 12 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama hajambo. Mwambie sweta navaa.

Kuhusu swali lako, Wizarani tuko wengi, na rasimu hupita mikono mingi kabla haijawa amri. Mwishoni hakuna anayeweza kusema sentensi hii ni yangu na ile ni ya fulani.

Lakini usidhani watu wa hapa wana roho mbaya. Mwezi uliopita nilipanga foleni ya mkate kama mtu yeyote. Mbele yangu alikuwapo mama mwenye mapacha mgongoni na mkononi. Aliambiwa bei, akairudisha pochi ndani ya kanga, akaondoka. Hakulalamika hata kidogo. Ukiona jambo kama lile halafu kazi yako ni kuandika, unatamani uandike kitu, chochote kile. Wizara ilitaka mkate ambao kila mtu ataumudu, na ambao hakuna muuzaji atakayeupunguza kidogo kidogo huku bei ikibaki palepale. Ndiyo maana kopo ni moja.

Tii kwa sasa, tafadhali. Usibishane na Mkaguzi, anatumwa tu. Kopo la Bodi litakufikia siku yoyote kuanzia sasa. Na usimwambie mtu kwamba una ndugu Wizarani. Si kwa ubaya.

Mdogo wako,
Karani


Jumatatu, 24 Machi

Karani,

Kopo limefika, na tangu lifike hapa hatujaacha kucheka.

Mkaguzi aliliweka mezani. Ni jembamba na lina kina kama ndoo. Mama alikuwa amekaa akichambua zabibu ambazo haturuhusiwi kuzitumia, kwa mazoea tu. Akalitazama, akaligeuza, akauliza, "Hili la marehemu mmelitoa wapi?" Mkaguzi akasema ni mali ya Bodi, limetoka kiwandani. Mama akaenda chumbani, akainama chini ya kitanda chake, akarudi na kopo la Baba na kutu yake yote. Akayakutanisha mdomo kwa mdomo. Hakuna lililozidi, hakuna lililopungua.

Sasa kwa kuwa umesahau, nikukumbushe. Baba alilikunja lile kopo mwenyewe kwa bati lililobaki kwenye paa, na alilifanya refu kwa sababu tanuri letu ni la matofali na moto wake hukaa. Mkate wenye kina namna ile unataka joto linaloingia polepole mpaka ndani. Wenzangu wote wana matanuri ya chuma ya umeme. Kwao nje panaungua, ndani pabichi. Wangeweza kushusha moto na kungoja, lakini kwa bei ya umeme ya siku hizi mkate huo ungekuwa ghali kuliko keki ya harusi.

Kwa hiyo mji mzima unakula mkate mbichi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amewaambia watoto wale ganda, kiini wapeleke kwenye somo la kufinyanga. Fundi viatu anasema gundi imemwishia na wala hana wasiwasi. Bwana Keki alimtuma huyo huyo fundi aje kununua mkate kwangu kama wake, kisha akaupasua kuona ndani. Fundi anasema aliutazama, akatoa tusi moja lililokaribia kuwa sifa.

Foleni yangu imefika kwenye kona ya duka la dawa. Nauza kuliko nilivyowahi kuuza. Ningepaswa kufurahi na sifurahi, kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kama ulivyokuwa ukinijibu kabla hujaanza kuvaa tai. Ni wewe? Na kama ni wewe, ulifanya hivyo kwa ajili yangu?

Dada yako


Jumatano, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ni mimi.

Sikufanya kwa ajili yako. Hilo limeniuma kuliko yote uliyosema juu ya mwandishi wa amri. Mkuu wa Idara aliingia tukijiandaa kwenda kula, akasema Waziri anataka vipimo vya mkate wa kawaida, haraka. Hakusema wa nani. Nikafumba macho nikauona mkate wa kawaida. Ulikuwa mezani kwetu, umefunikwa kitambaa, na Mama alikuwa akitupiga vidole tusiuguse ungali moto. Nikaandika urefu, upana na kina kutoka kichwani. Maisha yangu yote nimeamini mkate ndivyo ulivyo, na kwamba mikate mingine ninayoiona madukani imekosewa.

Hakuna aliyeniuliza nimevitoa wapi. Rasimu ilipita kila meza, na kila meza ikatia sahihi juu ya kopo la Baba.

Ila kuna habari njema. Taarifa ya Mkaguzi imefika, na inasema katika mji wenu tanuri moja tu linatoa mkate unaofikia kiwango. Bodi imekuchagua uwe Kiwanda cha Mfano. Utapewa unga wa serikali, kuni za serikali, na kibao cha rangi juu ya mlango. Pokea, Dada. Baba angetembea mji mzima akiwaonyesha watu kibao hicho. Kuna mipango mingine ya kuunganisha uokaji, lakini hayo ni mambo ya utawala na yataelezwa wakati wake.

Mdogo wako,
Karani


Jumapili, 6 Aprili

Ndugu Karani,

Anwani yako nimepewa na fundi viatu, ambaye huzipeleka posta barua za dada yako. Usimlaumu, nilimbana.

Utanikumbuka. Nilikuwa nakupa pembe za keki zilizokatwa ulipokuwa bado na magoti machafu, nawe ulikuwa unazila nyuma ya duka langu ili dada yako asikuone.

Jana Mkaguzi aliniletea karatasi ya pili. Tanuri langu litafungwa pamoja na ya waokaji wengine wote wa mji, kwa kuwa uokaji "unaunganishwa" katika tanuri la dada yako. Karatasi inanishauri niombe kwake kazi ya kubeba kuni. Mgongo wangu umeusoma ushauri huo na kuukataa.

Sitafuti huruma. Nimeoka keki za arusi kwa nusu ya mji huu, na baadhi ya ndoa hizo zimedumu. Nimewahi kufilisika, kwa ujinga wangu mwenyewe, nikasimama tena. Mtu akinishinda kwa mkate bora nitavua kofia. Mkate wake ni bora, na usimwambie nimesema. Lakini hapa sijashindwa na mtu. Hapa nimefutwa, kama unavyofuta hesabu ubaoni.

Nataka kujua jambo moja. Dada yako ndiye aliyeomba hivi? Kama ndiye, nitamchukia kwa raha, nimeshazoea. Kama siye, sijui nitafanya nini na asubuhi zangu.

Bwana Keki
(ndivyo ninavyoitwa, nami nimekubali)


Alhamisi, 10 Aprili

Bwana Keki,

Shikamoo. Siye. Hajui lolote kuhusu wewe kufungiwa. Nilijua mimi, nikamficha. Tafadhali vuka barabara umwonyeshe barua hii.

Karani


Jumatano, 16 Aprili

Karani,

Bwana Keki amevuka barabara.

Duka lilikuwa limejaa. Aliingia, akavua kofia, watu wakanyamaza kama ameingia na bunduki. Akanipa barua yako. Nikaisoma, nikamuuliza, "Mzee, kweli uliamini ningeomba ufungiwe?"

"Niliamini."

"Mimi nikitaka kukufunga nitakufunga kwa skonzi."

"Kwa skonzi zako hizi? Utangoja sana, mama."

Fundi viatu akasema kutoka kwenye foleni, "Afadhali. Nilidhani mmeugua."

Wewe nitashughulika nawe baadaye. Uliniandikia kwamba mambo ya utawala yataelezwa wakati wake. Yameelezwa, na aliyenieleza ni mtu ambaye nilikuwa sisemi naye. Hilo sitalisahau leo wala kesho, ila keshokutwa pengine.

Mchana Mkaguzi alikuja na ngazi na kibao cha Kiwanda cha Mfano. Nikamwambia ashuke. Akaniuliza kama sielewi kwamba nimependelewa. Nikamwambia naelewa sana. Unga wao, kuni zao, kibao chao. Siku wakinichoka, tanuri litakuwa la nani? Karatasi inayoweza kumfungia Bwana Keki leo bila kumsikiliza, kesho inabadilishwa jina tu na kubandikwa kwangu. Akasema, "Lakini wewe mkate wako ni mzuri." Nikamwambia ndiyo, na sababu mojawapo ni huyo mzee wa ng'ambo. Skonzi zangu zililainika kwa sababu zake zililainika kwanza na wateja wakaanza kuhama. Nikibaki peke yangu nitashindana na nani, na wewe na ndoo yako?

Alishuka. Kibao kiko nyuma ya mlango, tunakikalia.

Basi tumekubaliana, mimi na Bwana Keki. Jumamosi hii tutaoka kila kitu, mchana kweupe, madirisha wazi. Wakili wa ghorofa ya juu ya duka la dawa, ambaye hajaonja mkate wa zabibu tangu mwanzo wa Machi na amekonda kwa hasira, anatuandalia kesi bila malipo. Tunaiomba mahakama iseme kama mtu anaweza kufungiwa kazi yake halali kwa gundi na karatasi.

Wakili anataka aliyeandika vipimo aitwe kuwa shahidi. Nimemwambia ni karani mmoja wa Wizarani, basi. Ukitaka ibaki hivyo itabaki hivyo. Najua ni kazi yako hiyo, na najua ulivyoisomea.

Dada yako


Jumatatu, 21 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni Bwana Keki kwa sababu dada yako yuko kwa wakili, na macho yangu unayajua. Mwandiko wake una mapambo kama keki zake, vumilia. (Si mapambo, ni mwandiko wa kawaida. B.K.)

Nikusimulie Jumamosi. Tanuri liliwashwa mapema, na la Bwana Keki nalo, na vilipotoka vitu nilidhani nimerudi ujanani. Skonzi, mkate wa zabibu, wa ufuta, wa kusuka, biskuti za watoto. Watu walijaa barabarani mpaka magari yakageuza. Kila mtu alitaka chake. Mmoja alitaka mkate ulioungua kidogo chini kwa sababu mkewe anaupenda hivyo, na akapata. Kelele nzuri namna ile sijazisikia tangu bei zianze kupanda. Na bei ilikuwa juu, nisikudanganye. Lakini waliokuwa nacho walinunua miwili, wakaacha mmoja kwenye rafu ya mlangoni kwa asiyekuwa nacho. Hakuna aliyewatuma. Rafu ilijaa, ikaisha, ikajaa tena.

Mkaguzi alikuja na askari na waya mkononi. Bwana Keki akamuuliza, "Mwanangu, umekunywa chai?" Hakuwa amekunywa. Akala skonzi akiwa amesimama, akaongeza nyingine, akafuta mdomo, kisha akafunga matanuri yote mawili, letu na lake. Alikuwa akiomba radhi huku anasokota waya. Askari mmoja alinunua mkate kabla ya kutuondoa ndani.

Sasa tanuri limepoa. Tangu baba yako alijenge halijawahi kupoa, hata alipofariki dada yako alichochea moto huku analia. Nimeweka kiganja juu ya matofali, baridi kama sakafu. Fundi anasema likikaa hivi muda mrefu laweza kupasuka.

Mimi sitakwambia uje, dada yako amenikataza. Nakwambia tu kwamba kesi ni tarehe kumi na mbili mwezi ujao, mlango mkubwa wa kushoto, na kwamba kitanda chako nimeshakitandika.

Mama yako

Mwandishi anaongeza: skonzi alizokula Mkaguzi zilikuwa zangu, si za dada yako. B.K.


Jumanne, 6 Mei

Kwa Mkuu wa Idara,
Yahusu: Wito wa Mahakama

Bwana Mkuu,

Nimepokea wito wa kutoa ushahidi, baada ya mimi mwenyewe kumpa wakili jina langu, pamoja na ujumbe wako wa mdomo unaonishauri niugue siku hiyo. Nashukuru kwa kunijali. Ila siumwi, na kwa kweli sijajisikia vizuri hivi tangu niajiriwe.

Nitaulizwa vipimo vya mkate vilitoka wapi, na nitajibu. Nitaulizwa pia kama amri ilipelekwa Bungeni kabla ya kuanza kutumika, kama sheria inavyotaka. Wewe na mimi tunajua jibu lake. Tulikuwa pamoja uliposema Bunge linachelewesha mambo.

Niliiandika amri ile nikimfikiria mama mmoja kwenye foleni. Sasa najua kwamba wiki iliyofuata yeye naye alinunua mkate mbichi, kwa bei yetu, na hakuwa na duka jingine la kwenda.

Funguo za kabati ziko kwenye droo ya juu. Barua kama hii kwa kawaida humalizwa kwa "wako mtiifu". Naomba leo niishie kwenye "wako".

Wako,
Karani, Kitengo cha Rasimu


Ijumaa, 23 Mei

Mdogo wangu,

Uliondoka na treni ya mchana kwenda kukabidhi ofisi, ukatuachia sisi kungoja hukumu. Imesomwa jana. Tumeshinda!

Jaji aliisoma kwa sauti ambayo angesomea ratiba ya treni. Amri haikupita Bungeni, kwa hiyo haina nguvu. Na hata ingepita, hakuna tanuri la mtu litakalofungwa kabla mwenyewe hajasikilizwa mbele ya hakimu. Kisha akavua miwani akasema, "Serikali ikitaka kumsaidia mwananchi anunue mkate, haizuiwi. Ikitaka kumchagulia mkate, inazuiwa." Ukumbi ulilipuka. Jaji akagonga meza akitaka utulivu, na aliyechelewa kuacha kupiga makofi alikuwa karani wake mwenyewe.

Mama hajatulia tangu siku ya ushahidi wako. Kila anayeingia dukani anasimuliwa jinsi wakili wa serikali alivyokuuliza kama kipimo kile kilifanyiwa utafiti, nawe ukajibu, "Ndiyo, utoto wangu wote." Anakuigiza mpaka unavyorekebisha tai. Mimi nilikuwa nimepanga kukununia mpaka mwakani. Ulipotaja chini ya kitanda cha Mama mbele ya Jaji na askari, mpango huo ukaharibika.

Mkaguzi alikuja leo kukata waya. Kwanza alibisha hodi, kisha akasalimia, kisha akakata. Fundi alituambia tuwashe kidogo kidogo, vijiti tu, tukalilea tanuri kama mgonjwa anayelishwa uji. Lilipata ufa mmoja mdomoni, tumeuziba kwa udongo. Mkate wa kwanza ulitoka umeinama upande. Wakili aliununua hivyo hivyo, akala akiwa amesimama mlangoni, zabibu zikimdondoka kwenye koti.

Usidhani mambo yamekuwa mteremko. Unga umepanda tena wiki hii, na Jaji hana la kufanya juu ya hilo. Bodi sasa imeanza kuzungumzia kugawa kuponi kwa wasiojiweza, waende nazo duka lolote wanalotaka. Walau wametuuliza kwanza. Rafu ya mlangoni tumeiacha, na Bwana Keki ameweka yake.

Kuhusu huyo Bwana Keki. Lakiri haijatoka vizuri kwenye mlango wa tanuri lake, tayari ameuza skonzi kwa bei ya chini ya zangu, na juu yake ameweka ufuta bila kuongeza hata senti. Hana haya. Nimefurahi mpaka nimeunguza trei nzima.

Sasa tuje kwako. Nimesikia wamekuachisha kazi. Usijali, nimeshapanga kila kitu. Utaanza kwangu Jumatatu ya wiki ijayo. Utalala chumba cha nyuma. Utaamka kabla yangu. Utakuwa unabeba unga na kuhudumia wateja. Kwenye kukanda usiguse, una mikono baridi tangu utotoni na hamira inakuogopa. Mshahara nitaupanga mimi. Tai uiache huko huko.

Dada yako


Jumatano, 28 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaisoma tena kwa sauti kwa wenzangu waliokuja kuniaga. Wote wamekubali kwamba ni amri iliyonyooka kuliko yoyote iliyowahi kutoka katika jengo hili. Nasikitika kukuarifu kwamba siitii.

Bwana Keki naye ameniandikia, kwa mapambo yake yote. Ameniuliza ningependa kufanya nini. Nilikaa na swali hilo kwenye kiti cha ofisi nikiwa nimekumbatia kikombe changu na kalenda ya mwaka jana, maana ndiyo mizigo yangu yote, na nikagundua sijawahi kuulizwa. Shuleni nilichaguliwa masomo, hapa nilipangiwa meza, nawe umenipa chumba cha nyuma.

Nimemjibu kwamba nataka kujifunza kupamba keki. Nilimweleza ukweli kuhusu mikono yangu, nikitegemea atakataa. Amenijibu kwa haraka: mikono baridi ndiyo anayoitafuta siku zote, kwa sababu yenye joto huyeyusha siagi kabla ua halijasimama. Mshahara tumeupatana, tumevutana kidogo, kila mmoja amerudi nyuma hatua moja. Mapatano matamu namna hiyo sijawahi kuyaandika Wizarani.

Naanza Jumatatu, ng'ambo ya barabara. Najua utakasirika. Kasirika tu, una haki hiyo.

Mdogo wako,
Karani


Jumamosi, 31 Mei

Msaliti,

Barua yako nimewasomea wateja ili wajue nimelea mtu wa namna gani. Wamekupigia makofi. Nikawaambia kwa hilo napandisha bei sasa hivi, na nusu yao wakavuka barabara kwenda kungoja waone kama natania. Hawajarudi bado. Bwana Keki amewatolea viti.

Mama anasema keki yako ya kwanza ataila hata ikiwa mbaya. Mimi sitaila. Nitatuma fundi viatu aninunulie kama yake, niipasue nione ndani, na ikiwa mbaya utanisikia kutoka huku bila kufungua dirisha.

Chumba cha nyuma nimekipa magunia ya unga. Chumba cha kupanga tafuta mwenyewe, popote unapotaka, kwa bei mtakayoelewana na mwenye nyumba. Ila usiende kule kwenye nyumba ya kijani, paa lake linavuja. Hiyo si amri, ni taarifa.

Kila Jumapili unakula kwa Mama. Hiyo ndiyo amri. Ipeleke mahakamani uone.

Dada yako